Miwani Baada ya Miaka 40: Tununue kwa Akili, Tena Tudai kwa Umoja



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, likizo na posho ya nyumba. Mambo hayo ni mazito, na yafaa yaandikwe kila mara. Lakini liko jambo jingine ambalo humpunguzia mfanya kazi mshahara wake polepole, bila barua ya tajiri na bila kelele yoyote, na mara nyingi hata mwenyewe halitambui. Jambo hilo ni macho ya mtu aliyepita miaka 40.

Nina maneno mawili ya kusema, nami nayatanguliza hapa juu ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho asiyakose. La kwanza: miwani ya mtu mzima ni chombo cha kazi, sawa na nyundo au cherahani. Kwa hiyo ichaguliwe kwa kufuata kazi ya mtu, si kwa kufuata uzuri wake wala maneno matamu ya mwenye duka. La pili: gharama ya chombo hicho haifai kuwa juu ya mabega ya mfanya kazi peke yake.

SI UGONJWA, TENA SI AIBU

Ndani ya jicho mna kioo cha maumbile. Ujanani kioo hicho ni laini, nacho hubadili umbo lake kila tunapotazama mbali au karibu. Miaka inavyokwenda huwa kigumu, na mtu afikapo umri wa miaka 40 hivi hakiwezi tena kujikaza vizuri kwa vitu vya karibu. Madaktari huita hali hiyo presbayopia. Humpata kila mwanadamu, tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma. Haiponi kwa dawa ya matone wala kwa mizizi, wala haisababishwi na kusoma sana. Tangu hapo huzidi kidogo kidogo mpaka miaka 60 hivi, kisha hutulia.

Basi utamwona mtu aona vizuri jahazi lililo mbali baharini, lakini kutunga uzi katika sindano hawezi. Asogeza karatasi mbali na uso mpaka mkono haufiki tena. Atafuta mwangaza wa mlangoni. Kisha amwita mtoto amsomee.

Shirika la Afya la Dunia lilitoa taarifa mwaka 2019, likasema watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa kukosa miwani tu. Hawakukosa dawa ngumu wala upasuaji. Wamekosa vioo viwili na fremu.

MACHO NA MSHAHARA

Hapa kwetu Takaungu na majirani zetu mpaka Kilifi na Vipingo, kazi zinazotaka macho ya karibu ni nyingi kuliko tunavyodhani. Fundi wa cherahani, mwanamke ashonaye kofia za vito, mvuvi afumaye nyavu zilizochanika, karani wa ghala, mwalimu wa skuli na wa chuo, bawabu aandikaye namba za magari langoni, mwuza duka asomaye ujumbe wa M-Pesa kabla ya kumpa mtu fedha, mtunza bustani anayepima dawa ya wadudu kwa kusoma maandishi madogo ya chupa. Hao wote, macho yakipungua, kazi hupungua au hatari huongezeka.

Na tazameni jinsi inavyokuwa. Msimamizi haoni macho ya mtu. Yeye huona kazi tu. Fundi aliyekuwa akimaliza nguo sita kwa siku sasa amaliza nne, na mshono umekwenda upande. Akiwa hulipwa kwa hesabu ya nguo, kipato chake kimekwisha pungua siku hiyo hiyo. Akiwa ni wa mshahara wa mwezi, aanza kuitwa mzembe. Baadaye husemwa, "Huyu amechoka, tutafute kijana." Mtu mwenye ujuzi wa miaka 20 hutoka kazini kwa sababu ya kitu ambacho vioo viwili vingekitengeneza.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno matupu. Basi na tuangalie hesabu. Huko Assam, katika nchi ya India, wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walifanyiwa uchunguzi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Nusu yao walipewa miwani ya karibu mwanzoni, nusu wakangoja mpaka mwisho. Waliopewa walichuma chai zaidi kuliko wenzao, na nyongeza hiyo ilikaribia 22 katika kila 100. Ndugu zangu, mchuma chai hasomi kitabu shambani! Atazama jani tu, alikate lipi na aliache lipi. Ikiwa miwani yamfaa mchuma chai, kwa nini isimfae mtu ashonaye nguo au afumaye nyavu?

Huko Bangladesh nako, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, watu zaidi ya 800 wa vijijini waligawanywa makundi mawili. Baada ya miezi 8 kipato cha kati cha waliopewa miwani kilitoka kama dola 35 kwa mwezi kikafika kama dola 47. Cha wale wengine kilibaki pale pale. Basi atakayesema kwamba miwani ni anasa, aziangalie kwanza hesabu hizi.

NAMNA TATU ZA MIWANI

Sasa tuje dukani. Mtu aliyepita miaka 40 ataonyeshwa namna tatu, na yafaa ajue tofauti zake kabla hajafungua mfuko.

Namna ya kwanza ni miwani ya kusomea, yenye nguvu moja kioo kizima. Karibu waona vizuri na kwa upana; ukiinua macho kutazama mbali, kote ni ukungu. Bei yake ndiyo ndogo.

Namna ya pili ni miwani ya vioo viwili, yaani bifokali. Juu ni mbali, chini ni karibu, na mstari waonekana katikati. Benjamin Franklin wa Marekani aliitumia katika miaka ya 1780, kwa hiyo si kitu kipya. Mambo ya karibu na ya mbali yote hupatikana, lakini umbali wa katikati, wa kama urefu wa mkono, huwa si wazi kwa mtu ambaye macho yake yamekwisha pungua sana.

Namna ya tatu ndiyo inayosifiwa sana leo, miwani ya progresivu. Haina mstari. Nguvu ya kioo huongezeka polepole kutoka juu kushuka chini: juu ni mbali, katikati ni urefu wa mkono, chini ni karibu. Mtu aweza kutazama barabara, kisha mizani, kisha risiti, bila kuvua miwani.

Historia yake yatuhusu sisi watu wa vyama. Mwaka 1849 mjini Paris mafundi wa miwani walijiunga wakafanya ushirika wao wenyewe, ushirika wa kindugu wa wafanya kazi wa miwani. Ushirika huo ulikua ukawa kampuni iliyojulikana kwa jina la Essel, na humo ndimo alimofanya kazi Bernard Maitenaz, aliyetengeneza vioo vya progresivu vilivyotolewa kuuzwa mwaka 1959 kwa jina la Varilux. Mwaka 1972 Essel iliungana na Silor ikawa Essilor, na mwaka 2018 Essilor ikaungana na Luxottica ya Italia. Leo ni katika makampuni makubwa kabisa ya miwani ulimwenguni. Chombo kilichotoka katika karakana ya mafundi waliojiunga, mafundi wa leo wengi hawakimudu. Na tulitie jambo hilo akilini tutakapofika kwenye madai.

KIPYA KINYEMI, LAKINI KINA KASORO ZAKE

Sisemi kwamba progresivu ni mbaya. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini mwenye duka mara nyingi hutaja faida na kuzimeza kasoro, basi mimi nitazitaja.

Kasoro ya kwanza ni pembeni. Mahali penye kuona wazi ni njia nyembamba iliyo katikati ya kioo. Upande wa kulia na wa kushoto, sehemu za chini, vitu hupinda na kuwa na ukungu. Hilo si kosa la kiwanda fulani. Ni hesabu ya umbo la kioo chenyewe, na hapana kiwanda kilichoweza kuliondoa lote. Vioo vya bei kubwa hupunguza ukungu huo au huusogeza mbali zaidi, basi. Akikuambia mtu kwamba vyake havina kabisa, huyo akuuzia maneno. Kwa hiyo mvaaji hana budi kujifunza kugeuza kichwa badala ya kuzungusha macho tu, na huenda akahitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, kuzoea.

Kasoro ya pili ni miguuni. Ukitazama chini watazama kupitia sehemu ya karibu, na ngazi au jiwe lililo mbele ya mguu huonekana si wazi, au huonekana pasipo pake. Uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wazee wavaao bifokali au progresivu walikuwa katika hatari zaidi ya kuanguka. Basi fikirini mkwezi aliye juu ya mnazi, fundi aliye juu ya jukwaa la ujenzi, baharia arukaye kutoka mashuani kwenda gatini. Kwao kosa la shubiri moja ni uhai.

Kasoro ya tatu ni kazi ya juu ya kichwa. Fundi wa umeme au mpaka rangi ainuapo uso kutazama dari lililo karibu, hutazama kupitia sehemu ya mbali. Kitu ki karibu na kioo ni cha mbali, basi haoni. Hujikunja shingo mpaka jioni inauma.

KILA KAZI NA MIWANI YAKE

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli kwa jembe, maana jembe moja lamfaa kila mwenye mikono. Miwani si hivyo. Haya ndiyo maoni yangu.

Fundi wa cherahani, mshona kofia na mfuma nyavu, ambaye hukaa mahali pamoja na kazi yake i mbele ya mikono yake: anunue miwani ya nguvu moja, iliyopimwa kwa umbali ule ule wa kazi yake. Atapata upana mkubwa zaidi wa kuona kuliko kwa progresivu, na kwa fedha kidogo zaidi.

Mkwezi, mjenzi wa juu na baharia: akiwa na haja ya miwani ya mbali, avae ya mbali tu kazini, na ya kusomea iwe mfukoni. Akiwa mbali aona vizuri, apande bila miwani.

Fundi wa umeme na wa dari: amwambie mpima macho waziwazi kwamba kazi yake i juu ya kichwa, ili apewe miwani ya nguvu moja kwa kazi hiyo.

Mwalimu anayetazama ukuta wa nyuma wa darasa na mara daftari la mtoto, karani wa ghala, mwuza duka, mpokea wageni wa hoteli: hawa ndio ambao progresivu yaweza kuwafaa hasa, kwa sababu kila dakika wabadili umbali. Hata dereva yaweza kumfaa, lakini asiendeshe gari la abiria siku ya kwanza aliyoivaa. Kwanza aizoee nyumbani na kwa miguu, ajifunze kugeuza kichwa kutazama vioo vya pembeni.

Na jambo moja kwa wote. Tumesema kwamba macho huendelea kubadilika mpaka miaka 60 hivi. Mtu wa miaka 45 aliyenunua miwani ya gharama kubwa kwa akiba ya mwaka mzima, huenda baada ya miaka miwili au mitatu ikawa haimtoshi. Kwa hiyo asimalize fedha zote juu ya jozi moja.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, pima macho kwa mtu aliyesomea, usipime kwa kujaribu miwani ya mezani sokoni peke yake. Miwani ya sokoni yaweza kumsaidia mtu ambaye macho yake mawili yalingana na hayana kasoro nyingine. Lakini mwuza sokoni haangalii ndani ya jicho. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huiba nuru ya mtu kuanzia pembeni bila maumivu, na nuru iliyokwenda hairudi. Kisukari nacho huharibu jicho kwa ndani. Mtu akiendelea kubadilisha miwani ya sokoni huku ugonjwa wala jicho, siku atakapokwenda hospitali atakuwa amechelewa. Anzia hospitali ya kaunti mjini Kilifi, uulize siku za macho. Wako pia wataalamu wa macho Mombasa, na Kwale kiko kituo cha macho kinachojulikana pwani nzima.

Pili, mweleze mpimaji kazi yako. Pima kwa utepe nyumbani umbali kutoka jicho mpaka kazi, umpelekee. Yeye hawezi kuota kwamba wewe hufuma nyavu.

Tatu, omba karatasi ya vipimo. Ni haki yako, umelipia kupimwa. Humo mna mstari wa jicho la kulia na wa jicho la kushoto, alama ya kujumlisha au ya kutoa, na namba ya nyongeza ya karibu, kama +1.50 au +2.00. Omba pia uandikiwe umbali wa mboni mbili kwa milimita. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 54 na 74. Ukiwa na karatasi hiyo waweza kuuliza bei katika maduka mawili matatu. Bila karatasi wewe ni mateka wa duka moja.

Nne, kwa progresivu, chagua fremu yenye kimo cha kutosha. Kioo kifupi kama ufa hakina nafasi ya sehemu tatu. Kisha akupime ukiwa umeivaa fremu ile ile, umesimama kama usimamavyo kila siku, apige alama kwa kalamu juu ya kioo mbele ya kila mboni. Akipima mboni tu bila kimo, usikubali. Milimita mbili tatu za makosa zatosha kuharibu kazi yote.

Tano, kataa mapambo usiyoyahitaji. Mpako wa kupunguza mng'ao wamfaa anayeendesha gari usiku. Vioo vya polikaboneti havivunjiki upesi, vyafaa penye vumbi la mawe na vipande vinavyoruka, ingawa si badala ya miwani ya kinga. Lakini vioo vya kuzuia "mwanga wa buluu" vya simu na kompyuta, ambavyo huongezewa bei, havikuonyesha kwamba vyapunguza uchovu wa macho. Hayo yalitolewa mwaka 2023 na taasisi ya Cochrane, baada ya kukusanya majaribio 17. Basi fedha hizo weka mfukoni.

Sita, kabla ya kutoa arubuni, uliza: nisipoizoea katika siku 30, mtaitengeneza upya au mtanibadilishia bifokali, na kwa bei gani? Jibu liandikwe juu ya risiti. Maneno ya mdomo husahauliwa.

Saba, siku ya kuichukua usiondoke upesi. Simama mlangoni, tazama mbali bila kuinamisha wala kuinua kidevu. Soma simu kwa urefu wa mkono. Soma gazeti. Ukilazimika kuinua kidevu mno ndipo usome, kimo kimekosewa. Tena ipulizie pumzi kioo kama upulizavyo kioo cha kujitazamia: kwa kawaida vioo vya progresivu vina alama ndogo zilizochorwa, na namba ya nyongeza. Ilinganishe na karatasi yako. Hapo utajua kama ulichouziwa ndicho ulicholipia.

Na ukiisha kuwa nayo, itunze. Chumvi na mchanga wa pwani ndio adui. Kwanza imwagie maji, ndipo uifute kwa kitambaa laini. Ukiifuta kavu kwa pindo la kanga au la shati, waisugua kwa mchanga.

NI JUU YA NANI?

Hata mtu akifuata yote hayo, bado iko hesabu nyingine. Mwenzetu wa Takaungu ana siku moja ya kwenda Kilifi au Mombasa kupimwa, siku ya pili ya kuchukua miwani, na pengine siku ya tatu ya kurekebishwa. Siku tatu za kazi na nauli yake, kabla hata hatujataja bei ya vioo. Ndiyo maana wengi husema, "Nitakwenda mwezi ujao," na mwezi ujao haufiki.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe dawa kwa mfanya kazi aliye mgonjwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka atoe vifaa vya kinga penye hatari. Lakini macho ya miaka 40 si ugonjwa, na miwani ya kusomea si kinga ya cheche. Jambo letu limeanguka katikati ya sheria mbili. Na tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya. Kila mwanachama aulize hospitalini kwake ni kiasi gani kilichomo humo kwa ajili ya macho, asikae kimya.

Pengo ambalo sheria haikuliziba, mkataba waweza kuliziba. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1992, mtumishi afanyaye kazi mbele ya kompyuta aweza kudai kupimwa macho kwa gharama ya tajiri, na akihitaji miwani maalumu kwa kazi hiyo, tajiri hulipa ile ya kawaida. Hawakupewa kwa huruma. Na sisi Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kujadiliana kwa pamoja, na mkataba ukiisha kuandikishwa mahakamani huwa na nguvu. Naomba wajumbe wetu wapeleke mezani mambo haya:

1. Kila mfanya kazi wa miaka 40 na zaidi apimwe macho kila baada ya miaka miwili, kwa muda wa kazi unaolipwa. Na penye watu wengi, mpimaji aletwe kazini.

2. Ambaye kazi yake yahitaji macho ya karibu, tajiri amlipie miwani ya kawaida inayofaa kazi hiyo. Mtu akitaka fremu ya fahari, tofauti alipe mwenyewe.

3. Penye haja ya miwani ya kinga, itolewe ile inayoweza kuvaliwa juu ya miwani ya macho, mtu asichague kati ya kuona na kulindwa.

4. Majibu ya kupimwa yawe mali ya mfanya kazi. Tajiri aambiwe tu kwamba huyu ahitaji miwani au hahitaji.

Jambo hilo la nne ndilo lililo na hatari, nami nataka tulifikirie vizuri. Kupima macho kwaweza kugeuzwa kuwa njia ya kuwatoa wazee kazini. Tukikubali kupimwa bila masharti, tumejitia kitanzi wenyewe. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya kuwa za kulindwa zaidi. Hata hivyo maneno hayo yaandikwe katika mkataba wetu pia, tena kwamba hapana mtu atakayefukuzwa au kupunguziwa mshahara kwa majibu ya macho.

MANENO YA WAPINGAJI

Wako wenzetu watakaosema, "Mishahara yenyewe midogo, na huyu atuletea miwani!" Nawajibu hivi: miwani ni mshahara. Fundi alipwaye kwa hesabu ya nguo akirudi kutoka nguo nne mpaka sita, ameongezwa mshahara kwa nusu yake, na tajiri hakutoa nyongeza hata senti. Hii ni katika madai machache ambayo pande zote mbili hupata faida, na kwa sababu hiyo ni rahisi kushinda. Ushindi mdogo huwafundisha watu kwamba chama chafanya kazi.

Wengine watasema, "Miwani ni mambo ya wasomi." Mchuma chai wa Assam amekwisha wajibu hao.

Na wako kina mama washonao kofia majumbani, na wavuvi, ambao hawana tajiri wala mkataba. Hao tusiwasahau. Mpimaji akiletwa kazini, tudai mlango ufunguliwe saa za jioni kwa jamaa wa wanachama na majirani. Na vyama vyetu vya akiba na mikopo viweke mkopo mdogo wa miwani, ulipwe kidogo kidogo. Deni la miwani si kama deni la karamu, hujilipa lenyewe.

Basi, ndugu zangu, katika mkutano ujao kila tawi lilete hesabu ya wanachama waliopita miaka 40, na wangapi kati yao wana miwani iliyopimwa. Tuingie chumba cha mazungumzo na hesabu mkononi, si na malalamiko. Na wewe usomaye karatasi hii huku umeinyosha mikono mpaka mwisho, usione haya. Jina lako liwe la kwanza katika hesabu hiyo.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Takaungu